Mpigo Uliomezwa na Inesha

Saketi yangu ya kwanza isiyotumia saa (ishara ya mdundo inayopanga hatua za saketi) ilifaulu majaribio yote kwenye kompyuta, lakini nilipoiunda kwa chipu halisi ikaanza kuhesabu ombi moja mara mbili. Nilibadilisha nyaya, chipu, hata chanzo cha umeme, kabla ya kuushuku msimbo wenyewe.

Kosa lilikuwa kwenye kiteuzi kidogo. A na B zote zilikuwa 1, na S ndiyo iliyochagua ipi ipite. S ilipokuwa ikishuka kutoka 1 hadi 0, tokeo lilipaswa kubaki 1. Ila geti NA (AND, linalotoa 1 pale tu maingizo yake yote ni 1) la upande wa A lilizima mapema, ilhali la upande wa B lilisubiri geti SI (NOT) limalize kuigeuza S, hivyo kwa nanosekunde 3 hakuna upande uliotoa 1, yaani palitokea mpigo mfupi wa 0. Geti AU (OR) la mwisho, linalounganisha pande hizo mbili, nilikuwa nimelipa ucheleweshaji wa nanosekunde 5. Katika VHDL, lugha ya kuandika na kuiga saketi kwenye kompyuta, usipotaja aina ya ucheleweshaji, unapewa ule wa inesha (inertial), ambao humeza mpigo wowote mfupi kuliko muda ulioandika. Mpigo wangu ukamezwa, nami nikaonyeshwa mstari ulionyooka.

Kwenye saketi yenye saa, mpigo kama huo kwa kawaida hufifia kabla ya mdundo unaofuata, wala hakuna anayeuona. Pasipo saa, badiliko lolote la ishara laweza kuchukuliwa kuwa ombi jipya.

Kwa hiyo nakushauri uigaji wa kwanza uufanye kwa neno "transport", linalopitisha kila mpigo hata uwe mfupi kiasi gani, ndipo urudie kwa inesha na kulinganisha. Penye tofauti, chunguza. Tangu toleo la VHDL la 1993 unaweza pia kutaja kikomo cha kumeza kwa neno "reject", mradi kisizidi ucheleweshaji wenyewe. Geti halisi halifuati kanuni yoyote kati ya hizi kikamilifu, kwa kuwa mpigo ulio karibu na kikomo huweza kutoka umekonda tu.

Usije ukarefusha ucheleweshaji ili skrini itulie; nimewahi kufanya hivyo, na ni sawa na kufunika shimo kwa mkeka. Kilichoniponya ni geti NA la tatu, lenye A na B peke yake, linaloshikilia 1 wakati S inageuka.