Kuvua kibebe Kigoma: anza na sentimita 30 za mwisho

Wanaolalamika kwamba kibebe, samaki mwindaji wa Ziwa Tanganyika, "anakata sana" huenda kununua mshipi mnene zaidi. Haisaidii. Kibebe hakati kwa nguvu, anakata kwa meno, na meno yake yanaonekana nje hata mdomo ukiwa umefungwa, ya juu yameingia katikati ya ya chini. Nailoni nene ataikata kama alivyoikata ile nyembamba. Kwa hiyo kabla hujauliza yuko wapi na anakula nini, tengeneza vizuri zile sentimita 30 zinazoishia kwenye ndoano. Samaki wengi hupotelea hapo.

Unahitaji waya wa chuma wa uzi mmoja, usioshika kutu, unene wa milimita 0.35 hadi 0.45. Ukiwa mfupi chini ya sentimita 20, akimeza chambo kwa ndani meno yanafika kwenye mshipi. Ukizidi 50 kurusha kunakuwa tabu. Ukiukosa, uzi laini wa gitaa, ule usiozungushiwa waya mwingine, wa unene huohuo, unabeba kilo 20 hivi ukiwa mpya. Ubaya wake ni kutu, kwa hiyo usiutunze. Ukitoka majini utupe. Wapo wanaofumua waya wa breki ya baiskeli. Tusingeshauri: nyuzi zake zimejikunja tangu kiwandani, na palipojikunja ndipo panapokatikia.

Waya haufungwi fundo la kawaida. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoano, kisha zungusha ncha na waya wenyewe kwa pamoja mara nne au tano, kila upande ukiuzunguka mwenzake. Baada ya hapo unyooshe waya mrefu, na ile ncha fupi izungushe juu yake mara tano, mizunguko ikigusana. Wengi huruka hatua ya kwanza wakaanza moja kwa moja na mizunguko ya juu. Ukiutazama kwa macho umekaza, lakini samaki wa kilo tatu akivuta unateleza wote. Ncha inayobaki usiikate kwa plaizi. Ikunje iwe kama kishikio, izungushe mpaka ikatike yenyewe pale kwenye shina. Ukiikata inabaki miba ambayo itakuchana kidole na kukusanya majani ya mto siku nzima.

Kila ukitoa samaki pitisha vidole kwenye waya. Ukijipinda kama mkia wa nguruwe, badilisha hapohapo, usijaribu kuunyoosha.

Sasa ndoano. Mdomo wa kibebe ndani ni mfupa karibu wote, na mahali pa ndoano kuingia ni padogo, hasa kwenye kona ya taya. Ndoano namba 3/0 hadi 5/0, nene, moja. Vijiko vingi vya kuvulia, yaani chambo bandia za chuma, vinavyouzwa mtandaoni vimetengenezwa kwa ajili ya samaki aina ya paiki wa Ulaya, navyo huja na ndoano ya makucha matatu, nyembamba, kibebe anaziponda. Ng'oa hiyo, weka moja imara. Noa kwa tupa ndogo bapa ukielekea kwenye ncha, kisha ijaribu kwenye ukucha wa dole gumba: iweke kwa mlalo, ivute taratibu bila kukandamiza. Ikikwama, inafaa. Ikiteleza, rudia. Hata mpya iliyotoka kwenye pakiti huteleza mara nyingi.

Fimbo ya mita 2.1 hadi 2.4 inatosha, na mshipi wa kusuka wa kilo 15. Breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ipime kwa mizani ya kuning'iniza: fimbo ikiwa imeinama, ianze kuachia kwenye kilo nne au tano. Ukikaza zaidi ya hapo, mshipi wa kusuka hauna mvutiko, na kitakachonyooka ni ndoano.

Akigonga, usiinue fimbo juu. Ipeleke ubavuni, ncha iwe karibu na maji, vuta mara mbili tatu mfululizo kwa nguvu. Kisha ataruka, hilo lazima, mdomo wazi akitikisa kichwa. Ishushe ncha ya fimbo, hata iingie majini, na endelea kuzungusha rili. Mshipi ukilegea sekunde moja tu kijiko kitarudi kwako kitupu.

Chambo cha asili ni rahisi kuliko kijiko. Kata ukanda wa tumbo la samaki aitwaye mgebuka pamoja na ngozi, sentimita 10 kwa 2, chomeka mara moja tu upande mnene, ncha ya ndoano ibaki nje kabisa. Ukiukunja na kuuchoma mara tatu, ncha inazikwa kwenye nyama na ukanda unazunguka majini. Mgebuka na dagaa wabichi wanapatikana mwalo wa Kibirizi asubuhi, lakini angalia mwezi: mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa taa hawaendi ziwani, na chambo hadimika. Nunua mapema, tia chumvi.

Mahali? Mdomo wa mto Malagarasi upande wa kijiji cha Ilagala, pale maji ya kahawia ya mto yanapokutana na maji meupe ya ziwa. Rusha upande wa maji meupe, pitisha chambo sambamba na mpaka huo. Ziwani kwenyewe maji ni maangavu mno, jua likishapanda samaki anashuka. Vua saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Mvua kubwa zikinyesha mto unakuwa tope na hupati kitu. Upepo wa kusini wa kiangazi nao hupandisha mawimbi. Mtumbwi mdogo usivuke nao.

Pembeni ya mawe utakutana na samaki mwingine, kuhe. Huyo hahitaji waya, nailoni ya nusu milimita inatosha. Ukiona wawili wamesimama juu ya wingu la vitoto, waache. Inaaminika kuhe huzaa mara moja tu maishani.

Ulizia leseni ofisi ya uvuvi ya halmashauri, na tarehe pia: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mahale maji ya hifadhi yanaenda kilomita 1.6 kutoka ufukweni, usivue humo.

Ndoano itolewe kwa plaizi ndefu, kamwe si kwa vidole, hata samaki akionekana amekufa. Wala usichuchumae ukingoni kuparua magamba Ilagala, mamba wapo. Panda juu na ndoo ya maji.

Watu humkataa kibebe kwa sababu ya mifupa myembamba iliyojaa kwenye minofu. Mchanje pande zote mbili kila baada ya milimita tatu, kisu kifike karibu na uti wa mgongo, usikie mifupa ikikatika. Chumvi, ndimu, nusu saa, kisha mawese yaliyochemka sawasawa. Mifupa iliyokatwa hivyo inakaangika na kutafunika. Ukichanja kwa mapana, utaitema.