"Emblematic" na "symbolic": je, ni neno moja?

Swali: Mwalimu, pokea salamu kutoka Nakuru. Ninatafsiri kijitabu cha wageni, na nakala ya Kiingereza inasema flamingo ni "emblematic of Nakuru". Nimepata "-a nembo" na "-a ishara". Nitumie lipi?

Jibu: Ndugu yangu, yaache yote mawili. Ukiandika kwamba flamingo ni wa nembo, msomaji atawaza picha iliyo kwenye barua za ofisi. Ukiandika wa ishara, atauliza wanaashiria nini.

"Symbolic" linatokana na Kigiriki "symbolon", kitu kilichovunjwa vipande viwili ili kila upande ubaki na chake, na vikikutanishwa vithibitishe mapatano. Hadi leo lina harufu ya makubaliano: jogoo ashikaye shoka katika nembo ya taifa letu ana maana kwa kuwa tumekubaliana awe nayo. "Emblema" nalo lilikuwa nakshi iliyopachikwa ndani ya chombo. Ndiyo maana "emblematic" hupenda kutajwa pale ambapo kitu ni sehemu halisi ya jambo, nayo sehemu hiyo hulidhihirisha jambo zima, ingawa Waingereza hulitumia pia kwa taashira za kawaida, kama waridi na mapenzi.

Pana tofauti nyingine ambayo huwaponza watafsiri wengi. "Symbolic" linaweza kupunguza uzito wa kitu, kama malipo ya shilingi moja yanayotolewa kutimiza desturi tu, "emblematic" halipunguzi. Niliwahi kutafsiri maelezo kuhusu wavuvi wa Dunga, hapa Kisumu, nikaandika kwamba mtumbwi wa tanga ni "wa ishara". Mzee mmoja aliposomewa aliniuliza, "Kwani si mtumbwi wa kweli?" Nilifuta sentensi ile siku hiyo hiyo, kwa maana alikuwa amesema haki.

Flamingo wamekuja kula mwani katika ziwa lenu kwa miongo mingi, na hata baada ya maji kufurika miaka ya 2010 na wengi wao kuhamia Ziwa Bogoria, jina la mji halijatengana nao. Kwa hiyo mimi ningeandika: "Ukiitaja Nakuru, umewataja flamingo."

Ukilikuta neno "emblematic" likieleza kasoro, kwa mfano barabara yenye mashimo inayodhihirisha usimamizi mbovu, andika "ni kielelezo cha usimamizi mbovu". Na ukiliandika kwa Kiingereza, lifuatishe "of", kamwe si "to".