Hospitali imekataa kukupa taarifa za mtoto unayemlea kwa amri ya mahakama? Fanya hivi

Pole sana dada. Mahakama imekuteua mlezi wa mpwa wako, halafu dirisha la kumbukumbu linakwambia "mlete mzazi". Inauma, hasa mtoto akiwa kwenye dawa.

Usibishane dirishani. Kachukue mahakamani nakala ya amri yenye muhuri. Fotokopi tupu huwa wanaikataa. Iambatanishe na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako cha NIDA na barua kwa mganga mfawidhi. Omba muhtasari wa matibabu kwanza, faili zima baadaye. Wanakuwa wagumu kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kama amri haigusi matibabu, au mzazi anapinga, muone wakili au afisa ustawi wa jamii wa manispaa yako. Ila kliniki mtoto asikose hata mara moja.