Yashica Electro 35 yako haijafa, isikilize kwanza

Kama umeachiwa Yashica Electro 35, ile kamera ya zamani ya Kijapani inayotumia mkanda wa filamu, na mzee, au umeikuta kwenye mitumba imechanganywa na chaja za Nokia na rimoti za TV ambazo hata TV zenyewe hazipo, naomba kabla hujaipeleka popote uisogeze sikioni alafu uvute ule mkono wa kusogezea mkanda, taratibu, mpaka mwisho. Kuna mlio mzito unatakiwa utoke ndani, "tak", kitu kinagonga kitu. Ukiusikia, we una bahati. Usipousikia usikate tamaa na wala usiitupe, ndo watu kama wewe nawaandikia leo.

Mimi sio fundi wa kamera kwa kusomea. Nina Electro 35 GSN inayopiga kazi, na nimezifungua za watu wengine kadhaa, na kila ninachokijua nimekipata kwa watu wenye kamera hii hii waliohangaika kabla yangu, wengine Wajapani, wengine Wabrazil, wengine wazee wetu wa studio ambao hawajawahi kuandika popote wanachokijua. Na kwa kweli hakuna njia nyingine. Kamera hizi zilianza kutoka Japani 1966, ikaja G 1968, zikaja GS na GT, alafu 1973 wakatoa GSN na GTN (zenye T ndo zile nyeusi). Yashica wenyewe wakachukuliwa na kampuni nyingine ya Kijapani, Kyocera, 1983, na Kyocera nao 2005 wakaachana kabisa na biashara ya kamera. Kwa hiyo spea ya kiwandani hamna, na fundi aliyefundishwa na kampuni ukimpata leo basi kashastaafu zamani.

Turudi kwenye mlio. Ndani ya hii kamera, upande wa juu, kuna kipande kidogo cha mpira, kadogo kweli, ukikaweka kwenye kucha ya kidole kidogo nafasi inabaki. Kazi yake ni kupokea pigo la kijiti cha chuma kinachorudi kila ukisogeza mkanda, na unene wake ndio unaoamua kile kijiti kisimame wapi, na kile kijiti kikisimama pasipo mahali pake zile kontakti za umeme hazikutani zinavyotakiwa. Sasa mpira una miaka hamsini, unakauka unamomonyoka, au unayeyuka unakuwa nta nyeusi. Hapo ndo vituko vinaanza: taa ya juu inawaka haizimi, au haiwaki kabisa, shata (kile kipazia cha kuruhusu mwanga uingie kwenye mkanda) mara inafunga haraka mara inalala, picha zinatoka nyeupe zimeungua na mwanga. Wenye kamera hizi duniani wanakaita kale kampira pedi ya kifo, na sio utani, maana kameua kamera nyingi ambazo hazikuwa na ugonjwa mwingine wowote.

Tatizo ni kwamba dalili zake zinafanana na za saketi iliyoungua. Fundi wa redio au simu ukimpelekea, na wapo mafundi wazuri sana, yeye akiona taa zinachanganyikiwa moja kwa moja anaenda kwenye umeme, anapima, anachomoa waya, anachomelea risasi, na kweli kabisa kwa akili ya kawaida yupo sahihi. Ila hajui habari ya mpira. Hawezi kuijua, haimo kwenye saketi. Nimezipokea zikiwa zimeshachomolewa nyaya tatu nne, na mpira umemwagika chini kama unga mweusi hakuna aliyeugusa. Kurudisha zile nyaya ndo ikawa kazi kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Aliyenifundisha kusikiliza ni mzee mmoja aliyekuwa na studio Tanga, ya picha za pasipoti na harusi. Nilimpelekea kamera nikaanza kumweleza taa hivi, taa vile, akanikatiza, "Hebu lete, mwanangu." Hakuiangalia. Aliiweka sikioni huku anatazama barabarani, akavuta mkono mara mbili, akabonyeza, akavuta tena. "Haigongi hii. Mpira." Nikamwambia shikamoo mzee mara ya pili. Yeye mpira alikuwa anakata kwenye tyubu ya baiskeli, anabandika tabaka moja juu ya jingine mpaka mlio urudi, hana kipimo cha milimita wala nini, sikio tu. Baadae nikaja kukuta watu wa Ulaya wanafanya kitu hicho hicho, wanajaribu unene kidogo kidogo mpaka ile "tak" irudi. Hawajuani, na wote wamefika pale pale.

Ukitaka kufanya mwenyewe inabidi ufungue kifuniko cha juu, na hapa ndo naomba usiwe na haraka. Bisibisi kwanza. Skrubu za kamera za Kijapani zina alama ya msalaba ila sio msalaba ule ule wa bisibisi tulizozoea, ni kipimo cha Kijapani kinaitwa JIS, ukitumia bisibisi ya kawaida inateleza inakula kichwa cha skrubu, na skrubu ikishaliwa kichwa kwenye kamera umeumia. Nunua ndogo za JIS, kuagiza haina gharama ya kutisha. Pili, tafuta trei ya mayai. Kila skrubu unayotoa iweke kwenye shimo lake kwa mpangilio uliotoa, zipo zinazofanana kwa macho lakini moja ni fupi. Tatu, piga picha kwa simu kila hatua, hata hatua unayoona ya kijinga, hasa nyaya kabla hujainua kifuniko, kwa sababu nyaya ni nyembamba na ukinyanyua kwa nguvu utazing'oa. Ukiona kifuniko kinagoma kuna kitu hujafungua, acha kukivuta.

Na ukiwa humo ndani utaona vioo vidogo vya kufokasia, vile vinavyotengeneza kale kamraba ka njano katikati unapochungulia. USIVIFUTE. Kimojawapo kina rangi nyembamba sana juu yake, pamba yenye spiriti ikipita mara moja imeondoka nayo na kamraba hutokaona tena. Puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, basi.

Betri nayo ina stori yake. Kamera iliundwa itumie betri ya zebaki ya volti 5.6, zile hazitengenezwi tena, dunia ilikubaliana kuachana na zebaki kwa Mkataba wa Minamata wa 2013, na mwisho wa kutengeneza na kuuza nje betri za namna hiyo ukawekwa 2020. Minamata yenyewe ni mji wa Japani ambao watu wake waliteketea kwa zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini wakala samaki, kwa hiyo sitaki kusikia mtu analalamika eti wametunyima betri. Unachofanya ni kununua 4LR44 ya volti 6, au LR44 nne, zile za kalkuleta, unazipanga zikiangalia upande mmoja. Zitakuwa nyembamba na fupi kuliko chumba cha betri. Zungushia karatasi ngumu zikae katikati, na nafasi inayobaki weka springi ya shaba au foili ya jikoni iliyokunjwa ikakaza vizuri. Hiyo tofauti ya 5.6 na 6 saketi ya Electro haiisumbui. Ila hii ni ya Electro, usije ukachukua ushauri huu ukaupeleka kwenye kamera nyingine kama Olympus OM-1, ile ilitaka volti 1.35 na ukiipa 1.5 kipimo cha mwanga kinadanganya.

Ukishaweka, bonyeza kitufe cha kupima betri kwa nyuma, taa ya kijani iwake. Isipowaka usikimbilie kulaumu saketi (tumeshakubaliana), angalia kontakti kwenye chumba cha betri. Kama betri ya zamani iliachwa humo ikavuja utaona ukungu wa kijani au mweupe. Pamba ya masikio, siki kidogo au ndimu, sugua mpaka chuma king'ae, alafu pitisha spiriti kukausha. Kuna wakati kutu imepanda mpaka kwenye waya unaotoka pale, kontakti inang'aa lakini umeme haupiti, hapo sasa ndo mpeleke fundi wa simu, na umwambie wazi: badilisha waya huu tu, kwingine usiguse.

Jaribio la mwisho kabla ya kupoteza mkanda. Weka gurudumu kwenye AUTO, simama sehemu yenye mwanga, piga bila mkanda, sikiliza. Kisha ziba kwa kidole kile kidirisha cha kupimia mwanga kilichopo mbele juu, piga tena. Ya kwanza itakuwa fupi, ya pili shata inatakiwa ichelewe kufunga. Ikiwa zote mbili ni sawa, aidha betri haifiki au kontakti bado, kwa sababu kamera hii ikikosa umeme haigomi, inaendelea kupiga kwa kasi moja tu, 1/500 ya sekunde. Ndo maana muuzaji atakwambia "hii nzima kaka, sikia inavyolia", na ni kweli inalia. Ukinunua hivyo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na betri yako mfukoni.

Na kwa kuwa kidirisha cha mwanga kiko nje ya lenzi, jua mambo mawili ambayo kamera haitakwambia. Ukisahau kifuniko cha lenzi, unachungulia unaona vizuri, taa zinafanya kazi, shata inalia, na mkanda mzima unatoka mtupu. Na ukifunga filta ya kupunguza mwanga mbele ya lenzi kipimo hakijui, inabidi ushushe ASA mwenyewe, ile namba ya wepesi wa mkanda kwa mwanga unayoiweka kwenye kamera.

Sponji za mlango wa nyuma, zile za kuzuia mwanga usipenye, sitakaa nazo sana. Zimeoza, zote, hata kama muuzaji kasema ziko poa. Kwangua na kijiti cha meno na spiriti, kwenye mifereji laza uzi mweusi wa sufu wa kufumia, upande wa bawaba weka kipande cha kitambaa kizito cheusi. Nusu saa umemaliza.

Sisi watu wa pwani adui wetu mkubwa ni fangasi kwenye lenzi. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, ni hadithi moja, kamera inakaa kabatini ndani ya ule mfuko wake wa ngozi mzuri, na ngozi inavuta unyevu na kuushikilia, baada ya masika mbili tatu kuna utando wa buibui ndani ya kioo. Ule mfuko uweke kando kama pambo. Kamera iweke kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu, ukivikausha mara kwa mara, na zaidi ya yote itoe uitumie, maana kamera inayopigwa na hewa na jua haipati fangasi kirahisi. Shata na tundu la lenzi nazo zinataka kuchezeshwa, kamera ikikaa mwaka bila kupigwa, mafuta yanaganda.

Sasa ukikwama na unataka msaada kwa wenzio, usiandike "kamera yangu haifanyi kazi wadau naombeni msaada". Hakuna atakayekusaidia hapo hata akitaka. Sema ni G, GS au GSN, umeweka betri gani, taa ya kijani inawaka au haiwaki, taa ipi kati ya nyekundu na njano inawaka na ukiwa umeelekeza wapi, mlio upo au haupo, na rekodi sauti ya mkono ukivutwa, hiyo sauti peke yake inajibu nusu ya maswali. Na ukipona, rudi useme kilichoponya. Hii inaniudhi kuliko vyote, mtu anauliza, watu wanatumia jioni yao kumwelekeza, anapotea, na miezi sita baadae mwingine anakuja na dalili zile zile tunaanza upya kwa sababu yule wa kwanza hakusema kama ilikuwa ni mpira au waya. Na ukikutana na mzee wa studio, rekodi anavyoongea, kwa ruhusa yake, wengi wana vitu kichwani ambavyo hawavioni kama ni elimu.

La mwisho, ukiona Electro iliyokufa kabisa inauzwa bei ya soda, imechubuka, lenzi ina fangasi, inunue. GS na GSN ndani ni karibu kitu kimoja, tofauti unayoiona kwa macho ni ile kontakti ya fleshi iliyoongezwa juu ya GSN, kwa hiyo mlango, mkono wa kuzungushia mkanda, vioo na skrubu vinahamishika. Ifungulie hiyo kwanza kabla hujagusa ya urithi. Ukivunja kitu ni sawa, na kama hukuvunja kitu basi una spea za miaka kumi ijayo, na usitupe hata skrubu moja, hasa zile ndogo za juu ambazo kila mtu anazipoteza.