Chakula cha Krioli New Orleans: nenda Dooky Chase's

Dada uliyeuliza ukale wapi chakula cha Krioli (mapishi ya Louisiana yaliyochanganya ya Kiafrika, Kifaransa na Kihispania) ukiwa na usiku mmoja tu New Orleans, Marekani: mimi nakwambia mgahawa wa Dooky Chase's, mtaa wa Treme. Ipo tangu 1941. Marehemu Leah Chase, aliyefariki 2019, alipika pale miaka na miaka, na enzi za ubaguzi chumba cha juu ndicho walichokutania wapigania haki, weusi kwa weupe, ingawa sheria ilikataza kula pamoja. Kuta zimejaa michoro ya wasanii weusi, zunguka uitazame kabla hujakaa.

Anza na gumbo. Ni mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, unaletwa na wali kidogo. Uzito wake unatokana na unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta kwa moto mdogo, unakorogwa bila kuachwa mpaka ukolee rangi. Humo ndani kuna kaa, kamba, kuku na soseji. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza, maana kwenye mapishi haya anaingia hata kwenye maharage mekundu. Baada ya hapo chukua kamba wa Clemenceau, wanaopikwa na viazi, uyoga na njegere kwenye siagi yenye kitunguu saumu. Watamu mno!

Weka nafasi mapema, si kila siku wanafungua jioni. Na ukiangukia Alhamisi Kuu, usikose gumbo yao ya mboga za majani.