Kuku si burudani

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza wastaafu wafanye nini ili wasichoshwe na kukaa nyumbani. Mimi ni mstaafu wa hapa Nakuru, zamani karani wa stoo serikalini. Jibu langu ni kwamba mstaafu atafute jambo asilolijua hata chembe, aanze kujifunza kutoka chini kabisa.

Ushauri tunaopewa huwa ni mwingine. Ukikaribia miaka 60 ya kustaafu serikalini (kabla ya 2009 ilikuwa 55), kila unayekutana naye anakuambia ufuge kuku. Broila, wale kuku wa nyama, wako tayari baada ya wiki sita hivi, wanasema, na ile robo ya pensheni unayoweza kulipwa kwa mkupuo itajenga banda. Sina ugomvi na kuku. Mwenye shida ya pesa na afuge, na wengi wetu tunayo hiyo shida. Lakini kufuga ni kazi. Chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa kuku, ina siku yake, bei ya chakula inapanda bila kukuaga, na stima ikipotea usiku unaruka kitandani kuwawashia vifaranga jiko wasife kwa baridi. Mtu nimemuuliza nitajiburudisha vipi, naye ananipa ajira nyingine!

Kwa ninavyoona mimi, kinachomchosha mstaafu ni kujua mapema kila kitu kitakachotokea tangu asubuhi hadi usiku. Kule stoo ningejaza fomu ya S11, ile ya kuombea na kutolea vifaa, nikiwa nimefumba macho. Nilijua nani atakuja kuomba nini, na kisingizio chake nilikijua. Mtu wa namna hiyo akistaafu anahamia kwenye mzunguko mwingine: kichwa cha gazeti anakisoma kwa muuzaji bila kununua, siasa za kaunti kwa kinyozi, chai, taarifa ya habari ya saa moja, kitanda. Hata hiyo taarifa ya habari anaimaliza kabla ya mtangazaji.

Basi mimi niliingia kwaya ya kanisa. Sina sauti, na mke wangu hachoki kuwaeleza wageni hivyo. Kwaya yetu husoma solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi, na karatasi ya kwanza niliyopewa ilijaa d, r, m, s na nukta nukta ambazo sikujua zinataka nini kwangu. Sasa najua kwamba nukta pacha hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, na kistari maana yake shikilia sauti, usiiachie. Kialama kidogo chini ya s kinakwambia hiyo ni s ya chini, na huko chini ndiko tunakoishi sisi wa besi. Anayeketi karibu nami ni kijana wa chuo, rika la kitinda mimba wangu. Ananinong'oneza kwa heshima zote, "Mzee, hapo kuna kistari, usivute pumzi." Kazini, mtu wa kunikosoa alikuwa mkaguzi wa hesabu peke yake. Siku hizi nakosolewa mara kadhaa kwa jioni moja, kisha narudi nyumbani nikinung'unika fa, mi, re njia nzima. Wiki haina urefu tena, maana kila siku kuna mstari ambao sijauweza.

Si lazima iwe kwaya. Jirani yangu, nesi mstaafu, anajifunza kuendesha gari ingawa watoto wake wanampinga. Anayetaka kusoma, madarasa ya ngumbaru yapo, na Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, akavaa na kaptura ya sare. Sidhani alikuwa na nafasi ya kuchoshwa.

Na semeni ukweli, Mhariri, swali lenu mlikuwa mnatuuliza wanaume. Akina mama wakistaafu huletewa wajukuu na mabegi yao kabla wino wa barua haujakauka, na chama, jumuiya na matanga vyote vinawangoja. Wao wanahitaji mtu wa kuwalindia hata alasiri moja iwe yao. Yule nesi ilibidi awatangazie wanawe kwamba Jumanne halei mtoto wa mtu.

Kuna mtego mmoja. Ukiingia kikundi chochote ukiwa na mvi, watataka kukupa cheo. Wakisikia ulikuwa karani, siku ya pili wewe ni mweka hazina, na umerudi stoo. Mimi nilikataa katakata, nikawaambia nimekuja kuimba besi. Hazina anayo msichana mmoja wa sauti ya pili, na daftari lake nimelichungulia. Hesabu ziko sawa.

Msomaji wenu,
Nakuru