Bima ya Safari Niliyoinunua Ili Nipate Viza Tu

Januari 2023 nilikwenda Hamburg kumlea mdogo wangu aliyejifungua. Sanduku lilijaa dagaa, iliki, mafuta ya nazi na kanga za kumfungia tumbo mzazi. Nyuma ya pasipoti nilikuwa nimekunja mara nne karatasi ya bima. Niliinunua kwa wakala mmoja pale Posta, Dar, kwa pesa isiyofika laki moja, na sikusoma hata mstari. Kwangu ilikuwa kama zile picha za pasipoti: ubalozi unataka, unapeleka, yameisha.

Siku ya tisa nikatoka kutupa taka. Mtu wa Tanga atajuaje kwamba kuna barafu isiyoonekana? Njia ilikuwa nyeusi, imelowa, kama lami iliyonyeshewa mvua. Hatua ya kwanza salama, ya pili salama, ya tatu niko chini na mkono wa kulia umebaki chini yangu. Nilisikia kitu kikilia "tk" na nikajua kabisa kwamba huo si mshtuko wa kukandwa kwa maji ya moto.

Shemeji akanipeleka hospitali. Mapokezi wakaomba kadi ya bima, akawakunjulia ile karatasi yangu. Dada wa mapokezi akaisoma mbele na nyuma, akasema kwa upole kwamba kampuni hiyo hawaifahamu: nitatibiwa, ankara itanijia nyumbani, nilipe, halafu nikadaiane na bima yangu mwenyewe. Tulikaa saa nne kwenye viti. Wakapiga eksirei, wakanifunga hogo la plasta mkononi, wakanipa vidonge. Wiki mbili baadaye bahasha ikaja kwa posta: euro 386. Kwa pesa yetu ya wakati ule ilikuwa karibu milioni moja, kwa kwenda kutupa taka!

Usiku ule bahasha ilipofika ndipo nilipoisoma karatasi ya bima, kwa mkono mmoja. Ilisema mteja apige simu namba fulani ndani ya saa 24 tangu apate ajali. Sisi tulikuwa siku ya tatu tangu nianguke tulipopiga mara ya kwanza, na ni kwa sababu shemeji aliiona namba ile kwa bahati. Ilisema pia kwamba euro 100 za kwanza ni juu yangu. Baada ya hapo ikawa barua pepe kwenda na kurudi: stakabadhi halisi, ripoti ya daktari iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye muhuri wa kuingia, maelezo ya kwa nini nilichelewa kupiga. Walinilipa mwezi wa tano, nikiwa nimesharudi Dar, wamekata mia yao. Sikulalamika, kwa sababu kosa kubwa lilikuwa langu.

Kwa hiyo anayeniuliza kama bima inahitajika, namuuliza kwanza: unakwenda wapi?

Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, hazikupi nafasi ya kuchagua. Kwa viza ya matembezi lazima bima iwe na thamani ya angalau euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, na igharimie matibabu ya dharura pamoja na kukurudisha nyumbani, uwe mgonjwa au maiti. Hilo la mwisho watu hulipita harakaharaka kwa kuogopa uchuro. Lakini nani kati yetu hajawahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia kusafirisha mwili wa ndugu? Siku kumi mwili uko mochwari ya ugenini, mweka hazina anaposti orodha ya ahadi, na mama mtu kijijini anauliza kila asubuhi wamefika wapi.

Uingereza hawakudai bima kwa viza ya matembezi, na wengi wetu tunadhani hospitali zao ni bure kwa kila mtu. Ukifika kitengo cha dharura hulipi. Ukishalazwa wodini, mgeni wa matembezi kutoka kwetu anatozwa asilimia 150 ya bei yao ya kawaida. Na deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa linaweza kukukwamisha siku utakapoomba viza tena.

Marekani ndiko ninakokuogopa. Viza yao ya matembezi nayo haidai bima. Shangazi yangu alikwenda kwa mwanawe bila hata karatasi, presha ikampanda wiki ya pili, akalazwa usiku mbili. Sheria yao ya 1986 inazibana hospitali nyingi zenye kitengo cha dharura zimpime na kumtuliza mgonjwa kwanza, awe na pesa au hana, kwa hiyo hawakumwacha mlangoni. Bahasha ndizo zilizofuata: moja ya hospitali, moja ya daktari, moja ya gari la wagonjwa, kila mmoja anadai chake. Binamu yangu alikuwa na busara, hakulipa ya kwanza kwa woga. Aliomba mchanganuo wa kila kitu, kisha akaomba fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali nyingi za huko zisizo za faida zinayo, ila ni mpaka uulize. Walipunguza sana. Kilichobaki bado analipa kidogokidogo.

Na hata angekuwa na bima, ile presha ilikuwa kipengele cha kuangalia. Bima nyingi za safari hazigusi ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kuondoka, au zinaugusa kwa masharti na kwa kuongeza pesa. Mzee mwenye sukari au presha, usimnunulie ya bei ya chini ukasema nimemaliza. Uliza kwa maandishi: akizidiwa na hiyo hiyo presha, mtalipa? Na usiifiche kwenye fomu. Wakija kugundua kwenye ripoti ya daktari, hupati kitu.

Jambo jingine dogo, wapenda bodaboda mnisikie: bima nyingi zina mstari unaokataa ajali za pikipiki, au zinataka uwe na leseni na kofia. Usomeni kabla ya kukodi.

Kadi zetu za bima za nyumbani ni za hospitali za nyumbani, usizipange mezani ughaibuni ukategemea watakuelewa. Lakini siwezi kuwa mnafiki: nikienda Mombasa kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro kwa siku tatu, sinunui bima ya safari. Nabeba pesa ya akiba na najua nani nitampigia. Wapo watakaonibishia, na huenda wana haki, hasa tukizingatia kwamba Zanzibar tangu Oktoba 2024 inamtoza mgeni wa nje dola 44 za bima hata akija kuogelea tu.

Mwaka huu mama ndiye anayekwenda Hamburg. Bima yake nimeisoma mimi, kurasa zote kumi na moja, na presha yake imeandikwa ndani. Namba ya dharura nimeihifadhi kwenye simu yake kwa jina la "AAA BIMA" ili ikae juu kabisa, na nyingine nimembandikia ndani ya pochi. Akaitazama, akaniuliza, "Nikipiga, watanisikia Kiswahili?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikachukua kalamu, nikaandika namba ya shemeji juu yake.